Kisiwa cha Mwezi wa Saba

Alhamisi, 9 Julai

Kwa vizazi vijavyo, na kwa yeyote atakayeliokota daftari hili nikiwa sipo tena duniani, natangaza rasmi kwamba leo saa nne na robo asubuhi meza yangu imehamishiwa dirishani.

Si jambo dogo. Miaka kumi na minne nimepanga kurasa katika kiwanda hiki cha kuchapa nikiwa nimetazamana na mgongo wa mashine ya kukatia karatasi. Sasa natazama ua, bomba, na mashuka ya jirani. Nukta amebaki kule kule kwenye kona, chini ya rafu ya wino. Sikumcheka. Nilitabasamu tu, kwa muda mrefu.

Nukta ni msahihishaji wetu. Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho chake na haliulizwi na mtu. Amekuwa Nukta tangu siku aliposimamisha mashine, kadi za harusi zikiwa nusu zimechapwa na bwana harusi mwenyewe amesimama mlangoni, kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana. Mimi napanga, yeye anasoma. Akisoma hushika penseli nyekundu kama daktari aliyeshika sindano, na mimi ndiye mgonjwa.

Saa nane furaha yangu ikafa. Mama Mkurugenzi alikuja na utepe wa kupimia. Yeye ndiye mwenye kiwanda tangu mumewe afariki, na hapimi kitu bure. Alipima pale meza yangu ilipokuwa. Akasema mashine mpya ya rangi inakuja mwisho wa mwezi na itakaa hapo. Akasema pia chumba hakitatosha meza mbili. Mmoja wetu atabaki, apange na asahihishe mwenyewe. Mwingine atakwenda kwenye duka letu la vifaa vya ofisini, kule nyuma ya stendi ya mabasi, akauze madaftari na vifutio. Atatupa jibu Jumatatu.

Kwa hiyo sikuhamishiwa dirishani. Niliondolewa njiani.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza hilo duka lina feni. Nikasema hilo silo suala. Akasema kwa mtu anayetoka jasho kama mimi, hilo ndilo suala.

Ijumaa, 10 Julai

Nina mkakati. Nitakuwa mtu ambaye kiwanda hakiwezi kuishi bila yeye. Nimefika saa moja kasoro robo. Nimefuta vumbi mezani kwa Mama Mkurugenzi. Nimemwagilia maua yake. Maua ni ya plastiki. Nimeyafuta tena.

Nukta amefika saa mbili kamili, ameketi, amesoma. Huo ndio mkakati wake. Anasoma tu. Mtu wa hatari sana.

Saa nne ya chai Mama alisimama na kikombe mbele ya kalenda yetu ukutani. Kalenda ndiyo fahari ya kiwanda: nakala elfu tatu kila mwaka, kila mwezi na picha yake, na chini ya picha jedwali la maji ya bahari, saa za kujaa na saa za kupwa, siku kwa siku. Picha ya mwezi huu ni ufuko wa kisiwa. Mchanga mweupe, mwamba nyuma yake, hakuna hata unyayo. Mama akashusha pumzi. Akasema tangu marehemu aondoke hajakaa mahali ambapo simu haiiti na mashine haingurumi. Akauliza, hivi pahala kama hapa papo kweli?

Nukta, bila kuinua kichwa, akasema picha ile tuliinunua, huenda ni ya upande mwingine wa dunia.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema papo. Nikasema napajua. Nikasema nimeshakwenda mara, nilitaka kusema mbili, ikatoka sita.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa mashine za boti, aliwahi kutuambia juu ya kisiwa nyuma ya mafungu ya matope, chenye ufuko upande wa nyuma usioonekana kutoka bara. Aliuona mara moja, kwa mbali. Alisema hakuna anayekwenda kwa sababu kufika ni adhabu. Huo mchanga mweupe nimeutia mwenyewe.

Mama alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akasema kumbe na mimi nina mambo. Nukta naye alinitazama, lakini kama anavyotazama neno lenye herufi iliyozidi.

Nikamwahidi Mama kwamba siku moja nitampeleka. Siku moja ni tarehe salama kuliko zote. Haimo kwenye kalenda yoyote.

Nakwenda kulala nikiwa mbele.

Jumamosi, 11 Julai (nayaandika haya Jumapili asubuhi, jana mkono haukukubali kushika kalamu)

Saa mbili na nusu umeme ulikatika. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja. Saa mbili na dakika arobaini Mama Mkurugenzi alitoka ofisini kwake na kofia ya jua kichwani.

"Haya baba," akasema, "kisiwa chako kiko wapi? Twende."

Nikauliza leo. Akasema leo, ameshaulizia, umeme haurudi mpaka jioni, na yeye hakai hapa kutazama ukuta. Nikasema hatuna nguo za safari. Akasema yeye hajaja uchi. Nikasema chakula. Akasema kwenye friji ya ofisi kuna mikate na mayai ya kuchemsha na vitaharibika tu. Nikasema boti. Akasema si nilimwambia shemeji yangu anatengeneza boti. Sikumbuki kumwambia. Huenda nilimwambia kati ya safari yangu ya tatu na ya nne.

Akageuka akamwambia Nukta naye aje, maana hajaona jua tangu mwaka uanze. Nukta akafunga kifuniko cha wino, akachukua penseli yake, akaja. Penseli, kwenda ufukoni.

Kabla ya kutoka nilichomoa ukurasa wa mwezi wa saba kutoka ukutani. Nahodha yeyote wa maana huangalia maji kwanza. Jumamosi tarehe kumi na moja: kujaa, saa sita kasoro dakika kumi. Kupwa, saa kumi na mbili jioni. Sikuamini bahati yangu. Kisiwa kile boti haipiti mpaka maji yawe mengi, na yangekuwa mengi saa ile ile ya kufika kwetu. Nikamsomea Mama kwa sauti. Akasema huu ndio uzuri wa kusafiri na mtu anayejua.

Shemeji alikuwa gatini, amelala chini ya boti ya mteja. Shemeji huyu alikuja kwetu kwa wiki mbili na sasa anaingia mwaka wa tatu. Boti ilikuwa imeshapona, inangoja tu majaribio. Nikamwambia majaribio ni leo. Akakubali, kisha akanivuta pembeni. Akasema, "Shemeji, maji yanatoka." Akanionyesha nguzo za gati, zimelowa mpaka juu, na maji yenyewe yako magotini mwa nguzo.

Nikakunjua ukurasa. Nikamwekea kidole. Akasema sawa, karatasi imesema, lakini maji yenyewe ndiyo hayo. Nikamwambia, kwa sauti ili Mama asikie, kwamba jedwali hili limetoka ofisi ya bandari, na aliyelipanga ni mimi, kwa mkono huu. Akatazama nguzo. Akatazama karatasi. Akakumbuka anakula kwa nani.

"Haya shemeji," akasema. "Wewe ndiye mwenye maandishi."

Akauliza tena habari ya nanga. Boti ya majaribio haina nanga, iko kwa mteja. Nikamwambia hatuendi kuoa huko, twende.

Tuliondoka saa tatu na nusu. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mkubwa. Nilisimama mbele ya boti, nikaonyesha kwa mkono huku na huko. Nilimweleza Mama majina ya ndege. Nilikuwa nayatunga. Nukta akauliza ndege yule mwenye shingo ndefu anaandikwaje. Nikamwonyesha Mama ndege mwingine.

Kisha boti ikasema kwaruu, ikasimama.

Shemeji akainua mashine. Panga lake la chuma, lile linalosukuma maji, limepinda. Chini yetu kulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, na mbele yetu, mpaka kisiwani, hakukuwa na bahari tena. Kulikuwa na matope. Matope yenye mng'aro, na mwani, na vidimbwi, mwendo wa kama nusu saa kwa mtu mwenye miguu ya ndege.

Mama akaniuliza kama kujaa kwenyewe ndiko huku. Nikasema hapa ndipo penye ujanja, wageni huwa wanarudi kuanzia hapa, ndiyo maana ufuko umebaki msafi. Akakubali. Mungu anisamehe, akakubali na kuvua viatu.

Shemeji alitaka kubaki na boti. Nikamwambia atabaki vipi na nani atabeba boksi la chakula na mkeka wa botini. Akasema boti haina nanga. Nikamwambia boti imekaa kwenye matope, na kuanzia saa sita maji yatazidi kutoka, itakwenda wapi.

Nusu saa ilikuwa saa nzima na dakika kumi. Niliingia mpaka mapajani mara tatu. Mama alipoteza kiatu alichokuwa amekishika mkononi, jambo ambalo mpaka sasa silielewi. Shemeji alikanyaga kitu chenye miiba akawa anatembea kwa kisigino, boksi kichwani. Mimi nilibeba mkoba wa Mama. Nukta alikunja suruali mikunjo iliyolingana pande zote mbili, akapita kwa hatua ndogo ndogo, akafika ng'ambo na matope ya kidoleni tu. Halafu tukapanda mwamba kwa mikono na magoti. Halafu tukashuka upande wa pili.

Sasa niandike jambo moja bila kutia chumvi. Palikuwa pazuri. Mchanga ulikuwa mweupe kweli, ule ule niliokuwa nimeutunga. Ulikuwa mpana kama uwanja, na maji mbali huko yamelala kimya. Hakuna mtu, hakuna takataka, hakuna sauti. Hata Nukta alisimama.

Nikamwambia Mama, maji yamejaa na ufuko ni mpana hivi, je yakipwa. Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kutembea peke yake kuelekea kwenye maji, kiatu kimoja mkononi, na akakaa huko muda mrefu ameipa mgongo dunia nzima. Aliporudi alikuwa na uso wa msichana. Alikula mayai mawili. Akanifuata nilipokuwa nakung'uta mkeka, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amenikosea. Alikuwa ameshaniandikia dukani. Barua iko tayari kwenye droo. Lakini mtu anayejua pahala kama hapa, akasema, si mtu wa kuuza vifutio.

Hiyo ilikuwa saa saba na robo. Niliikariri saa hiyo. Nilikuwa na kazi yangu mkononi kwa muda wa dakika hamsini.

Saa nane na dakika tano maji yaligusa mkeka. Nikawaeleza kwamba haya ni mawimbi ya mwisho, bahari huaga kabla ya kuondoka. Tukausogeza mkeka. Saa nane na robo tukausogeza tena. Saa nane na nusu migongo yetu ilikuwa kwenye mwamba na mkeka haukuwa na pa kwenda, ukaondoka peke yake na mikate iliyobaki. Nikasema mwaka huu maji yana ukaidi.

Shemeji alikuwa amepanda juu kutazama. Akaita, "Shemeji, boti inaondoka."

Nikamwambia haiwezi, maji yanapwa.

Akasema basi huko yanakopwa yanaondoka nayo. Akavua shati, akajitosa kwa mguu wake ule wenye miiba.

Mwamba ulikuwa umelowa, haupandiki tena, tukakaa juu ya jiwe, watu watatu, karibu saa mbili. Jiwe lilikuwa la mtu mmoja na nusu. Ufuko haukuwepo tena. Mama alikuwa ameshika kiatu chake kama mtu aliyeshika simu anayoingoja iite. Mawimbi yakamlowesha mpaka kiunoni, akakiinua kiatu tu. Ningefurahi kama angenitukana.

Nukta akaniomba ule ukurasa. Nilidhani anataka kujifunika jua. Lakini Nukta hawezi kukaa na karatasi yenye maandishi asiisome. Alisoma juu, akashuka, akarudi juu. Kisha akatoa penseli nyekundu, kwenye jiwe, katikati ya bahari, akazungushia maneno mawili, akanisogezea bila Mama kuona.

Amevizungushia vichwa vya safu. Kujaa. Kupwa. Na kati yao alikuwa amechora mshale wa kwenda na kurudi.

Nikaelewa hapo hapo, maana mimi ndiye ninayejua namna ninavyofanya kazi. Bandari hutuletea saa za mwezi mzima zikifuatana. Mwezi wa sita orodha ilianza na kujaa. Mwezi wa saba ilianza na kupwa. Mimi sipangi ukurasa upya kila mwezi, nani ana muda huo. Nanakili wa mwezi uliopita, nabadilisha jina la mwezi, namwaga tarakimu mpya. Vichwa vya safu nikaviacha vilivyokuwa. Mwezi mzima, bahari yote ya kalenda yetu inajaa inapopwa na kupwa inapojaa. Nakala elfu tatu. Wala hakuna aliyelalamika, kwa sababu wanaoijua bahari hutazama bahari, na sisi wengine tunatazama picha.

Shemeji alirudi na boti saa kumi na nusu. Alikuwa ameifuata mpaka karibu na bara. Alimpa Mama mkono, akampandisha, akamfunika shati lake. Tulifika gatini jua likizama, na Mama akaondoka bila kuaga, kiatu kimoja.

Jumapili, 12 Julai

Mwili wote unauma. Mke wangu ananichua mgongo kwa kisigino cha mkono na kunihoji. Akauliza ni kweli kaka yake aliniambia maji yanatoka. Nikasema kulikuwa na maoni tofauti. Akasema maoni ya nani, ya bahari?

Shemeji anachechemea na hasemi nami. Panga la boti ya watu limepinda. Ameketi na uji wake anatazama ukuta kama baba mwenye nyumba.

Lakini akili yangu haijafa. Kila ukurasa unaochapwa una prufu yake, karatasi ya majaribio, na kwenye prufu sahihi mbili: ya mpangaji na ya msahihishaji. Prufu ya mwezi wa saba iko kwenye kabati la faili. Isipokuwepo, hakuna anayejua nani alikosea. Nikaenda ofisini saa nane mchana. Mlinzi akaniambia mwenzangu ameshaingia.

Nukta alikuwa ameketi sakafuni, droo wazi, prufu magotini. Prufu mbili. Kwenye ile ya kwanza vichwa vya safu vimezungushiwa penseli nyekundu, na pembeni kwa mwandiko wake: vibadilishwe. Aliona. Tangu mwaka jana aliona. Ile ya pili haikuwa imebadilishwa chochote, na chini yake ameandika: imesomwa, sawa.

Nikakumbuka siku ile. Mvua, mtu wa mashine anagonga mlango, na mimi nikamwambia Nukta, nimesharekebisha, weka sahihi tu tuondoke.

Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba katika miaka kumi na miwili hiyo ndiyo mara pekee aliyoweka sahihi bila kusoma. Mara moja tu alimwamini mtu.

Nikamwomba tuzichome. Akakataa. Akasema kesho asubuhi atamwambia Mama kwamba aliweka sahihi bila kusoma, na hatataja mtu mwingine, kwa sababu sahihi ni ya kwake na jicho ni la kwake. Akazirudisha prufu kwenye droo, zikiwa zimenyooka, akaniambia nipumzike, nina uso wa mgonjwa.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno haya njia nzima. Hatataja mtu. Nani anafanya hivyo? Mtu akikuambia hatakutaja, huyo ameshakutaja. Huu ni mtego, tena mzuri. Lazima nimtangulie.

Jumatatu, 13 Julai

Saa moja kasoro dakika kumi nilipitisha barua chini ya mlango wa Mama Mkurugenzi. Kurasa mbili. Niliiandika mara nne. Nilieleza kwa huzuni, kama mtu anayelazimishwa na dhamiri, uzembe wa msahihishaji wetu. Ili pasiwe na shaka nikaweka ushahidi: kwamba yeye mwenyewe aliyaona makosa kwenye prufu ya kwanza, na kwamba kwenye ya pili, mimi nilipomwambia nimesharekebisha, alikubali neno langu tupu na kuweka sahihi bila kusoma, jambo ambalo msahihishaji makini hawezi kulifanya.

Nilifurahishwa hasa na hilo neno tupu.

Saa mbili Nukta aliingia ofisini kwa Mama. Mlango haukufungwa vizuri. Nikawa na kazi ya ghafla kwenye mashine ya kunakili.

Alisema aliyoyasema jana, yale yale. Alisema aliweka sahihi bila kusoma, na ikiwa ni duka, atakwenda. Nikangoja anitaje. Mama akamuuliza kama kuna mwingine wa kulaumiwa. Nukta akasema ukurasa ukishapita kwa msahihishaji, ni wa msahihishaji.

Kisha nikasikia karatasi zikikunjuliwa. Zangu. Mama alisoma kwa sauti, polepole, na alipofika pale kwenye neno langu tupu akasimama. Akarudia.

Akaniita. Hakunifokea. Alikuwa amevaa viatu vipya. Akaniuliza swali moja: barua hii nimeiandika mwenyewe? Nikasema ndiyo, Mama. Akauliza kuna aliyenilazimisha? Nikasema hapana, Mama. Akasema basi anamshukuru aliyeiandika, maana Nukta asingemwambia hata angekatwa vidole.

Akavuta droo. Ile barua ya kunipeleka dukani, yenye tarehe ya Alhamisi, ilikuwepo, na bahasha yake. Hakubadilisha hata tarehe.

Nikajaribu la mwisho. Nikasema kule kisiwani alifurahi. Akasema ndiyo, alifurahi, mpaka maji yalipogusa mkeka, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu Nukta alikuja na kifutio kipya, akakiweka kwenye boksi langu, akarudi kwenye kona yake kusoma. Mpaka sasa natafuta alikuwa na maana gani. Lazima kuna kitu.

Jumanne, 14 Julai

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha. Akauliza, kwa hiyo yule mtu alikuwa anakuokoa na wewe ukamchongea? Nikamwambia ukiiweka hivyo inasikika vibaya. Akaniambia niiweke mimi basi. Nimejaribu namna tatu. Zote zinasikika vibaya.

Akakuna mpaka kifuu kikatoa sauti ya kifuu. Akasema kesho niende niombe radhi, kwa Nukta kwanza, na kwa kaka yake kabla sijavaa viatu.

Nimelikubali wazo. Nitaomba radhi itakapokuwa na faida.

Shemeji ameniambia neno moja leo: sogea.

Alhamisi, 16 Julai

Siku ya kwanza dukani. Pananuka karatasi na moshi wa mabasi. Rafu nne, kaunta, stuli. Feni ipo, haizunguki.

Nilikuwa nimekata tamaa mpaka saa tano. Kisha nikawaza: kiwandani nilishindwa kwa sababu Nukta alikuwepo kabla yangu moyoni mwa Mama. Hapa nimeingia mapema. Duka hili litahitaji msimamizi, na msimamizi huchaguliwa na watu. Mimi watu nawaweza.

Mteja mmoja, mwalimu, aliingia kununua chaki. Akataja chemchemi ya maji moto iliyoko juu mlimani, siku nzima kwa miguu, akasema watu wengi hawajui njia. Nikamwambia naijua. Nikamwambia nimeshapanda mara nane.

Na hapo ndipo mkakati ulipokamilika. Safari ya wafanyakazi. Hakuna kinachowafunga watu kwa kiongozi wao kama safari. Tutaondoka Jumapili alfajiri. Nimeshachora njia kwenye karatasi ya maboksi, kwa kukisia. Nimeandika nani atatangulia, nani atabeba maji, nani atafuata nyuma kuwaangalia wanaochoka. Nimeandika hotuba fupi ya kusoma tukifika. Nimeacha nafasi chini ya ukurasa ili kila mfanyakazi wa duka aweke sahihi ya kukubali, na mpaka jioni wote walikuwa wameweka.

Duka lina mfanyakazi mmoja.